Hapana ya Kumi na Moja

Hapana ya kumi na moja ilimkuta Tjark Behrens ndani ya treni, na safari hii hakuisoma mara mbili. "Hapana. Sijaelewa. Andika upya. G. Lüders." Basi. Mtu mzima, gwiji wa dunia, na hayo ndiyo majibu yake kwa mwezi wa tatu sasa.

Aliitia simu mfukoni. Treni ilikuwa imesimama katikati ya mashamba kwa nusu saa nzima bila mtu kuwaambia kwa nini, na hilo nalo lilimwongezea hasira.

Alichokuwa anaomba ni mstari mmoja tu wa programu. Dada yake Wiebke, asiyeona, alikuwa akiwaelekeza kwa redio madereva wa magari ya wagonjwa. Anwani alizisoma kwa vidole, kwenye ubao unaoinua nukta nundu, na programu ya kuziinua ilikuwa Kalunguyeye, aliyoiandika Gerolf Lüders na kuigawa bure kwa ulimwengu mzima. Tangu ofisi ya Wiebke ilete mbao mpya, Kalunguyeye ilikuwa inameza herufi ya mwisho ya kila mstari uliojaa. Wiki iliyopita gari lilikwenda nyumba namba 1, na mzee aliyeanguka alikuwa namba 14. Mzee alipona. Wiebke akapewa hadi Jumatatu: programu irekebishwe, au kiti chake akikalie mwingine.

Programu yenyewe ilikuwa huria, yeyote angeweza kuinakili na kuigeuza, na Tjark alishairekebisha kwenye kompyuta yake. Lakini ofisi ilikubali toleo lililopitishwa na Lüders pekee, na Lüders alikuwa Lüders. Kwenye mikutano ya watu wa programu huria, vijana walivaa fulana zilizoandikwa "Sijaelewa" wakichekelea. "Mzee hana mchezo," waliambiana. "Miaka miwili hii Kalunguyeye haijapata kosa jipya hata moja!" Tjark naye alikuwa na fulana hiyo. Siku hizi aliifutia baiskeli.

Alifika Einbeck, mji wa Lüders, alasiri. Mlango ulifunguliwa na mama wa makamo, mikono imejaa unga.

"Namtafuta Bwana Lüders."

"Kuonana naye haiwezekani. Mimi ni mkewe. Umetoka wapi?"

"Oldenburg. Na siondoki, mama."

"Basi usigande hapo nje. Viatu vua huko."

Alivivua, akaviweka kando ya viatu vya kiume vilivyong'arishwa vizuri. Kumbe yumo, aliwaza. Yuko juu huko anajificha. Saa tisa ilikuwa imefika, na kwa Bibi Lüders saa tisa ni kahawa na keki, mgeni awe na hasira au asiwe nayo.

Tjark alimmwagia yote palepale mezani. "Samahani, mama, lakini mumeo ana roho ngumu! Mara kumi na moja! Nimemwandikia kurasa nne, na hana hata adabu ya kuniambia nilipokosea!"

Bibi Lüders alishusha kisu cha keki. "Hizo kurasa nne ulimwandikia nani?"

"Mtu anayejua kazi yake!"

"Haya. Hebu nieleze mimi."

Tjark nusura acheke. Lakini alikuwa amechoka, na mtu wa kumsikiliza alikuwa huyu tu. Akavuta sahani ya keki.

"Vipande hivi ni vinne, sawa? Sasa programu haihesabu kama wewe. Cha kwanza inakiita sifuri. Halafu moja, mbili, tatu."

"Kipande kizima hiki, mnakiita sifuri? Mna vituko nyie."

"Ndivyo tulivyo. Imeambiwa igawe keki, lakini iache kabla ya kufika tatu."

Bibi Lüders alisogeza vipande kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja. "Basi wa mwisho kakosa keki."

"Huyo wa mwisho ndiyo namba ya nyumba! Mimi naomba iambiwe iache kabla ya nne. Hakuna kingine."

"Na wenye mbao za zamani? Usije ukawaharibia wenzio."

Swali hilo lilimshtua kidogo. Kwenye kurasa zake nne hakuligusa. "Za zamani zilikuwa na nafasi tupu mwishoni," alisema taratibu. "Ndiyo maana kosa halikuonekana. Hawatapoteza kitu."

"Rudia. Toka mwanzo."

Akarudia. Akarudia tena, mara ya tatu, mpaka mama mwenyewe akaweza kumweleza yeye bila kukwama. Kisha Bibi Lüders akafuta mikono, akainuka. "Kunywa kahawa, inapoa."

Akaingia chumba cha pili. Tjark alisubiri kusikia hatua za kupanda ngazi. Hakuzisikia. Alichosikia ni vitufe, kimoja baada ya kingine, polepole kama mtu anayechagua mchele.

Simu ikatikisika mfukoni. "Ndiyo. Nimepitisha. G. Lüders."

Tjark alikimbia na soksi zake hadi mlangoni pa chumba. Bibi Lüders alikuwa peke yake mbele ya kompyuta, miwani puani, kidole kimoja bado kiko hewani.

"Aliniachia neno la siri, akaniomba nisipitishe kitu ambacho sijakielewa," alisema bila kugeuka. "Tangu tumzike, mwaka juzi, wewe ndiye wa kwanza kuja kugonga mlango."