Pua ya Kuroiwa

Wino mwekundu ulikataa kutoka kwenye kidole gumba. Kuroiwa alikisugua kwa chumvi, akakisugua kwa majivu ya mkaa, wapi. Muhuri alioupiga kwenye karatasi za mnunuzi asubuhi ile ulikuwa wa marehemu baba yake.

"Uache tu," mkewe Tokie alisema bila kumtazama. "Si umeuza mwenyewe?"

Jiko lilikuwa bado linawaka. Tangu enzi za babu, familia ilichoma mikunga katika duka hili la chakula, samaki warefu kama nyoka, na kuwalaza juu ya wali. Mkunga si chakula cha mwenye njaa, ni chakula cha mwenye hela. Ndiyo maana kila mwezi tawi la benki kuu lilimtuma Segawa aje kumuuliza: wateja wanakula? Mwakani uchumi utakuwaje?

"Benki nzima, na kompyuta zao zote, bado wanaitaka pua yangu," Kuroiwa alizoea kumtambia muuza chai wa jirani.

Wala hakuwa anadanganya. Segawa mwenyewe, alipokuwa amechangamka kwa pombe, alimwambia: "Fundi, tangu tukupate, makadirio ya tawi letu hayakosi. Hata Tokyo wanatuuliza siri yetu. Tafadhali sana, usibadilike."

Asibadilike! Baba yake alimwita zuzu mpaka siku anakata roho, na leo mtu wa benki kuu anamwomba asibadilike. Kuanzia hapo Segawa hakuwa mteja tena. Alikuwa ndugu.

Siku Kuroiwa alipomtangazia kwamba mambo yatachanua, na kwamba anafungua duka la pili karibu na stesheni, Segawa aliweka vijiti vya kulia chini. Rangi ilimtoka usoni.

"Umeshasaini, Fundi?"

"Jana! Nimechelewa hata hivyo."

Segawa akatoka nje kupiga simu, na chakula hakukimaliza. Kuroiwa alisema ni furaha, kuna watu furaha huwafunga koo.

Baada ya wiki chache benki ikatangaza kwamba mwaka mgumu unakuja. Tokie alimwekea gazeti mbele.

"Baba Nao, si ulimwambia mambo yatachanua?"

"Kwani wananiuliza mimi peke yangu? Kuna wajinga wengine huko wanawapotosha."

Mwaka ukaja mgumu kweli. Duka la stesheni likafa, na lilipokuwa linakufa lililinyonya hili la baba. Ndipo akajitokeza mtu anayetaka kiwanja ajenge hoteli. Bei yake ilikuwa ndogo ya kumtia mtu aibu. Tokie alisema wavumilie mwaka mmoja tu, wateja watarudi. Kuroiwa alinusa hewa, akanusa mabaya zaidi. Lakini duka la baba si sufuria kwamba utauza na kununua lingine. Hivyo mwezi uliopita aliketi na Segawa ana kwa ana.

"Niambie kama ndugu. Niuze, au nivumilie?"

Segawa alilitazama bakuli lake muda mrefu. "Sisi tumekatazwa kutoa ushauri, Fundi. Fuata pua yako, kama siku zote."

Akaifuata.

Sasa Segawa aliingia akikung'uta mwavuli, akaketi mahali pake pa kila mwezi. Kuroiwa alimwekea kipande kinono kuliko vyote.

"Haya, Bwana Makadirio. Uliza."

"Mwakani, Fundi?"

"Giza. Giza la kushikika kwa mkono."

"Una hakika? Mara hii isiwe maneno ya mdomoni tu."

Kuroiwa aliinua kidole gumba. "Duka la baba yangu limekwenda leo asubuhi. Unataka hakika gani tena?"

Segawa alisimama. Akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa meza, akabaki hivyo. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa.

"Nisamehe, Fundi," alisema, akatoka haraka.

"Umemwona?" Kuroiwa alimwambia mkewe. "Ukoo mzima hakuna aliyenililia. Yule ananililia."

Tokie alinyoosha kidole pembeni ya mlango. Mwavuli ulikuwa umesahaulika.

Kuroiwa aliuchukua, akaenda nao. Mkono ulikuwa tayari kulisogeza pazia la mlangoni aliposikia sauti upande wa pili, ya chini, yenye haraka.

"Mkuu? Ni Segawa. Makadirio ya mwakani yapandisheni. Uchumi unainuka, tena zaidi ya tulivyosema jana."

Mvua ilipiga bati.

"Hakika kabisa, Mkuu. Kuroiwa ameuza."