Jibu la Kwanza

Kila siku saa moja asubuhi, kifaa cha Mahakama ya Wazee humwamkia kila mzee kutoka ukutani mwake, na jibu la kwanza tu ndilo linaloandikwa. Bi Mwanakombo alijiandaa tangu alfajiri. Tangu juzi mwanawe Shomari alikuwa amemfungia chumbani bila chakula, na mkono aliomsokota ulikuwa umevimba. Angesema tu, wakili wa Mahakama angetumwa kumtoa.

"Shikamoo, Bibi. Umeamkaje?" kifaa kikauliza.

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka salama," mdomo ukajibu wenyewe, kama ulivyozoea kwa miaka themanini.

"Tunashukuru. Tutakuamkia tena kesho."

"Ngoja! Nina njaa, mwanangu..."

Taa ya kifaa ilikuwa imeshazimika. Bibi akaendelea kuueleza ukuta, taratibu, kwa adabu.