Mnofu Chini ya Wali

Nakiete alipofukua wali na kukuta mnofu wa mbuzi chini kabisa ya sahani, kijiko kilimganda mkononi. Hivyo ndivyo marehemu mama yake alivyokuwa akimfichia, yeye peke yake, ndugu zake wasijue.

"Namna hii ya kuficha mnofu mmeitoa wapi?" alimuuliza mhudumu.

"Kwako, mama," binti alijibu kwa adabu. "Mwaka jana ulilala hapa. Vitanda vyetu huvuna kumbukumbu za mapishi, kama vya nyumba zote za wageni. Wageni wanakipenda mno chakula chako."

"Nililala tu. Sikuwapa mama yangu."

"Ukilala umekubali, mama. Ndiyo sheria."

Nakiete alipandwa na hasira. Aliisukuma sahani, heri akalale garini kuliko kuwapandia tena kitanda wezi hawa.

Kwenye meza ya jirani, mzee asiyemjua kabisa alifukua wali wake, akauona mnofu, machozi yakamlengalenga.

"Mama alikuwa akinifichia hivi hivi," alimwambia mkewe.

"Mama yako si alifariki akikuzaa?"

"Nakumbuka," mzee alisema, akaendelea kula.

Nakiete aliivuta tena sahani yake, akala mpaka punje ya mwisho, asije mtu mwingine akapewa mama yake.