Pistoni Nne za Nzuki

"Pistoni ziko ngapi?" mama aliuliza.

Nzuki alikuwa amelala chali chini ya gari, na ilikuwa bahati yake kwamba uso haukuonekana. Gari lilikuwa limevutwa kwa kamba kutoka Ayany mpaka gereji yake ya mabati pale Kabiro, Kawangware: jekundu, la milango miwili, ubavu mmoja umebonyea. Injini yake ilikuwa ya rotari. Injini ya rotari Nzuki hakuwahi kuiona hata kwenye simu.

"Nne," alijibu. Magari mengi huwa na nne.

"Na hali yake?"

"Zimekwisha zote, mama. Valvu pia. Kumi na sita, hakuna hata moja ya kuokoa."

Akasikia mtu akishusha pumzi. Alipojivuta nje akijipangusa mikono, mama huyo, Everlyne, alikuwa anamkodolea macho, mkoba kwapani. Kando yake mwanawe Brandon, kijana wa miaka ishirini na mbili, aliegemea mkongojo huku akipapasa boneti.

"Niaje fundi. Itawaka?"

"Itanguruma, kijana yangu."

"Poa sana! Nikiipata tu, wikendi hiyo niko Bypass. Kuna msee lazima turudie mbio."

"Brandon," mama yake alimkatiza, "hebu ninunulie maji."

Kijana akaondoka akichechemea. Mama akamgeukia fundi. "Alilala hospitali miezi mitatu baada ya kugonga na gari hili. Nilimwahidi akisimama tena, nitalipa injini iundwe upya, hata iwe bei gani. Sasa siwezi kurudi nyuma. Haya, bei?"

Nzuki alipiga hesabu haraka. Tangu mwaka uanze kazi yake ilikuwa kubadilishia bodaboda oili. Mwenye ploti alikuwa amemwambia wazi kwamba kodi ya mwezi huu haina kubembelezana. Akikosa kazi hii, atafunga gereji aende Kibera kuajiriwa na Eugene. Eugene! Kijana aliyefundishwa kushika spana na Nzuki mwenyewe. Afadhali auze miwa.

"Laki moja na nusu," alisema.

Mama akakunja uso. Ghali, Nzuki akawaza.

"Lakini tunaweza kuongea. Laki na ishirini."

Uso ukakunjamana zaidi. "Na itachukua muda gani?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu!"

"Basi mbili! Nikikazana, moja!"

Mama akafunga mkoba, akapiga hatua kuelekea nje. Kisha akasimama. "Pistoni nne, umesema?"

"Nne, mama. Haki ya Mungu."

Mkoba ukafunguka tena, na elfu hamsini za kuanzia zikamtua Nzuki mkononi. "Fanya polepole," mama alimwambia. "Mimi sina haraka."

Mama mwenye roho safi, Nzuki alijisemea, na hapo hapo akaanza kujiona mwizi.

Kesho yake alifungua injini. Alitafuta pistoni, hazipo. Alitafuta valvu mpaka akakaribia kuchungulia chini ya viti. Ndani alikuta vyuma viwili vinene vya pembe tatu, kama sambusa, na hakuna kingine anachokijua. Akaketi akatazama zile sambusa kwa muda mrefu. Halafu akameza kiburi chake, akampigia Eugene.

Eugene alicheka mpaka simu ikamponyoka. "Mwalimu! Hiyo kitu haijawahi kuwa na pistoni! Kuja huku nikuonyeshe."

Wiki nzima Nzuki alishinda Kibera akifundishwa na mwanafunzi wake. Alijifunza jinsi sambusa zinavyozunguka, na jinsi visili, vile vipande vya kuzibia kwenye pembe zake, vinavyolika. Vipya huagizwa ng'ambo, na kazi yote ingefika laki tatu. Lakini Eugene alikuwa na injini kuukuu ya aina hiyo hiyo, nzima ndani, ya kutolewa vipuri. Kwa hiyo, elfu themanini zingetosha.

Angeweza kunyamaza na kula tofauti. Tamaa ilimwasha sana. Lakini kila alipomkumbuka mama yule na maneno yake ya upole, aliona aibu. Akaamua kusema kweli yote, liwe liwalo.

Everlyne alifika na mwanawe, ambaye alibaki nje kwa muuza soseji za smokie. Nzuki alisimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu.

"Mama, nilikudanganya. Hii injini sikuwa naijua. Haina pistoni hata moja. Lakini sasa nimefunzwa, naijua nje ndani. Ijumaa gari linatoka, na ni elfu themanini tu, kila kitu. Brandon nimeshamwambia, amefurahi ajabu!"

Mama akakaa juu ya tairi kuukuu bila kujali sketi yake. Nzuki akangoja matusi, au shukrani.

"Kwa hiyo hata wewe," mama alisema taratibu. "Nimeuliza swali lile lile Riruta. Nimeuliza Ayany. Nimeuliza Kibera. Wote walinicheka, wakaniambia haina pistoni. Wewe peke yako uliniambia nne. Fundi, kwa hizo pistoni nne zako nilianza kulala usingizi tena."

"Nisamehe, mama."

Mama hakumsikia. Alikuwa anachungulia nje, ambako Brandon alikuwa ameushika mkongojo kwa mikono miwili kama usukani, akimwonyesha muuza smokie namna ya kukata kona bila kugusa breki. Kisha akamvuta Nzuki karibu, akashusha sauti.

"Sasa niambie ukweli, fundi. Hapa Kawangware, ni nani mwingine asiyeijua injini hii?"