Shauri Lisikilizwe Moshi

Elisifa aliandika Moshi, mnunuzi akalifuta akaandika London.

Neno hilo tu ndilo lililozuia mkataba wa kahawa usisainiwe. Elisifa, wakili kijana wa ushirika, alikisoma kifungu kwa sauti katika ofisi yao ya Kirua Vunjo: wakikosana na mnunuzi, shauri litaamuliwa na msuluhishi, huko London.

"Sisi huku," alisema mzee mwenyekiti, "ukimkosea jirani unampelekea isale. Jani tu, na akilipokea hana budi kusamehe. Huyo wa London nitampelekea nini?"

"Wakili, mzee. Na nauli, na hoteli."

Mzee alicheka kidogo. "Yaani hela ya kahawa ipande ndege, sisi tubaki kiwanjani tukiipungia mkono!"

"Nimewaomba wakubali hata Dar es Salaam. Wamesema tukiligusa neno hilo, watanunua kwingine."

Nje, akina mama walikuwa wakifunika kahawa kwenye vichanja kabla mvua haijashuka kutoka mlimani. Mzee aliwatazama. Weusi wa maganda ulikuwa umejikita katika mikunjo ya vidole vyake, weusi ambao sabuni haiutoi.

"Tukikataa, mwanangu, nani mwingine ataichukua?"

Elisifa aliwapitia kichwani wanunuzi wote aliowajua. Alikuwa amerudi nyumbani kwa ajili ya kuwatetea watu hawa, na hakuna jina hata moja lililomjia.

Mzee alifuta mikono kwenye koti, akachukua kalamu.

"Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Nionyeshe pa kuweka sahihi."

Akamwonyesha.