Kilicho Mikononi mwa Mtakatifu

Pamba ilitoka nyeusi tii, kama iliyofuta sufuria. Binti akaitupa kwenye ndoo, akachovya nyingine kwenye dawa, akaendelea kusugua kifua cha mtakatifu pichani taratibu, kipande kidogo kidogo.

Picha ilikuwa ya kale kuliko kanisa la mji lililoitundika. Moshi wa mishumaa ulikuwa umeifunika mpaka hakuna aliyejua kwa hakika mtakatifu amekumbatia nini. Profesa mmoja wa chuo kikuu ndiye aliyeamua. "Ni kitabu," aliandika, na watu wakaamini, maana profesa ni profesa. Shule zikachora kitabu kwenye sare. Wahubiri wakasema sisi ni wana wa kitabu, ngoma ni za washenzi, zitoke ibadani. Zikatoka.

Mtu mmoja tu alibisha: baba yake huyu binti, msafishaji wa picha wa makumbusho. Alisugua pembeni kidogo, akaona kama mviringo. "Ni ngoma," akasema mbele ya wasomi wote. Weee! Profesa alicheka mpaka akafuta machozi. "Ngoma ikivuma sana hupasuka, mzee wangu. Nenda kapumzike." Kesho yake hakuwa na kazi. Mji mzima ukamwita Mzee Ngoma, na binti yake akiingia darasani wenzake walimpigia madawati.

Binti hakusahau. Alisomea kazi ileile ya baba yake kwa hasira tu, wala hakuficha. Sasa picha ilikuwa mbele yake, imeletwa makumbusho isafishwe, na baba yuko nyumbani kitandani, kifua kinambana, kila jioni anauliza neno moja: "Umefika?"

"Bado, baba. Lakini yule mtu nitamfedhehesha mchana kweupe, na wewe ukiwepo. Usife kwanza."

"Nife niende wapi, na sijamwona akinywea?"

Siku moja akafika. Uchafu wa mwisho uliondoka na pamba, na kitu kikaonekana wazi kabisa, mpaka kona zake. Binti alikaa chini sakafuni akalia kwa kwikwi.

Mkurugenzi wa makumbusho alimsikia, akagonga mlango. "Kuna nini humo? Ni kitabu au ni ngoma?"

"Utaona Jumapili na wenzako, ikirudishwa kanisani. Niachie chumba mpaka siku hiyo, mtu asiingie. Na niletee feni."

"Feni, na mvua hii?"

"Dawa zinanipa kizunguzungu," alisema, akafunga komeo.

Jumapili kanisa lilijaa pomoni. Profesa alikaa mbele, hotuba mapajani. Alipomwona Mzee Ngoma anaingia ameshikiliwa mkono, alimwinamia jirani yake wakacheka. Binti aliwaona. Cheka, alisema moyoni, cheka sana, ndiyo mara ya mwisho. Akavuta pazia.

Ngoma! Ngoma ya duara, ya ngozi, imepakatwa kifuani. Kanisa zima likapiga kelele. Profesa alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena, hotuba ikamponyoka ikatawanyika sakafuni, wala hakuna aliyemwokotea. "Sasa profesa," mtu aliuliza kutoka nyuma, "kitabu kiko wapi?" Watu wakaangua kicheko. Alitoka kwa mlango wa pembeni, ameinama kama mwizi wa kuku. Binti alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea, na raha aliyoisikia hakuwahi kuisikia maishani.

"Nilisema!" Mzee Ngoma alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Si nilisema mimi?" Akajikokota mpaka kwenye picha, akanyoosha mkono.

"Baba, usiguse!"

Lakini mzee alikuwa ameshagusa, na sasa alisimama akikitazama kidole chake kilicholowa rangi mbichi.