Wachekechaji wa Chokaa

Fisi alikuwa na tanuri la chokaa, na Kwale thelathini walimchekechea chokaa hiyo tangu asubuhi hadi jua kuzama. Vumbi liliwachoma macho. Mama Kwale, mkubwa wao, akaenda kumwomba maji ya kunawia.

"Anayenawa hachekechi," Fisi alimjibu. "Rudi kazini!"

Mwezi haukuisha, wengi wao wakawa hawaoni tena. Fisi aliwapigia kelele waongeze kasi, nao wakaongeza.

Siku moja Tembo, aliyekuwa akijenga nyumba, akarudisha magunia yote. "Umeniuzia mawe! Ukuta wangu umebomoka!"

Fisi akawarukia Kwale. "Nani ameacha mawe humu? Vipofu nyinyi?"

"Ndiyo, vipofu!" Mama Kwale alifoka. "Tulikuomba kata moja ya maji ukatunyima, mpaka macho yakaungua. Leo unauliza mawe yametoka wapi? Chekecha mwenyewe!"

Wakaondoka wote, kila mmoja ameuma mkia wa mwenzake, Mama Kwale akiwaongoza kwa jicho lake moja lililobaki.

"Wazuie!" Fisi alimlilia Tembo.

Tembo akawapisha wapite, kisha akasimama katikati ya njia ili Fisi asiwafuate.